Kona inayoangusha magari mvua ikinyesha: tuanze na mwendo au tuanze na lami?

Mkaguzi wa Njia aliuliza:

Ndugu zangu, habari za kazi. Naomba ushauri wa watu waliowahi kushughulika na jambo hili, maana mimi na wenzangu tumelijadili kwa majuma kadhaa bila kukubaliana.

Ninasimamia matengenezo ya kipande cha barabara kuu yenye njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Baada ya mteremko mrefu wa asilimia 6 hivi, barabara hiyo huingia ghafla katika kona yenye nusu kipenyo cha takriban mita 120. Kikomo cha mwendo kilichoandikwa ni kilomita 80 kwa saa, na sehemu ya kati ya kona imeinamishwa upande wa ndani kwa asilimia 5. Jua likiwaka, magari hupita hapo mchana na usiku bila tatizo. Mvua ikinyesha, hata manyunyu ya dakika chache, magari huserereka na kutoka nje ya barabara upande wa nje wa kona, na karibu ajali zote zilizoandikwa katika daftari letu zilitokea lami ikiwa imelowa. Baadhi ya waliopata ajali ni madereva wanaoipita njia hiyo kila siku na kuijua vizuri.

Tabaka la juu la lami liliwekwa upya miaka michache iliyopita. Halina mashimo wala nyufa za kutisha, na kwa macho ya mpita njia barabara ni nzuri, ila katika mapito ya magurudumu inang'aa kidogo.

Mwenzangu mmoja anataka kikomo kishushwe hadi 50 na vibao viwekwe, basi. Mwingine anataka matuta kabla ya kona. Wa tatu anasema tumwage lami mpya juu ya ile iliyopo. Fedha tulizonazo hazitoshi kufanya yote kwa pamoja, na sitaki kutumia tulichonacho kwa kitu kitakachoonekana kizuri kwenye picha huku watu wakiendelea kuumia. Je, tatizo hapa ni mwendo wa madereva au ni barabara yenyewe? Na mtu huanzaje kulitambua?

Mhandisi Mstaafu alijibu:

Ndugu Mkaguzi, swali lako ni zuri, ila nakuomba kwanza uache kuvitenganisha vitu hivyo viwili, kwa kuwa gari halina njia ya kuvitenganisha. Kila gari linaloingia kona hudai mshiko fulani kutoka kwa lami, na lami ina mshiko fulani wa kutoa. Dai likizidi kilichopo, gari huserereka. Mwendo uko pande zote mbili za hesabu hiyo: ukiongezeka, dai hupanda, na lami ikiwa imelowa, kinachotolewa nacho hushuka. Ndiyo maana dereva yuleyule aliyepita salama jana hapo hapo, kwa mwendo uleule, leo anajikuta mtaroni.

Tufanye hesabu kwa kona yako. Mshiko unaodaiwa pembeni hupatikana kwa kuchukua mwendo kwa mita kwa sekunde, kuuzidisha kwa wenyewe, kisha kugawanya kwa zao la nusu kipenyo na 9.81, halafu kutoa mwinamo wa barabara. Kwa kilomita 50 kwa saa, kona yako inadai takriban 0.11, yaani nguvu ya pembeni iliyo sawa na asilimia 11 ya uzito wa gari. Kwa 60 inadai 0.19, kwa 80 inadai 0.37, na anayeteremka kwa 100 anadai 0.61. Lami kavu iliyo katika hali nzuri hutoa 0.7 au zaidi, kwa hiyo jua likiwaka hata huyo wa 100 anapita, japo matairi yanalia na abiria wanashikilia viti. Lami iliyolowa yenye kokoto kali bado inaweza kutoa 0.5 au karibu na hapo. Lami iliyolowa ambayo kokoto zake zimelainishwa na magurudumu inaweza kushuka hadi 0.3, na pungufu ya hapo mwendo unapokuwa mkubwa. Weka 0.3 kando ya 0.37 nawe utaona kwamba dereva anayetii kibao chako cha 80 tayari anadai zaidi ya kilichopo. Huyo hajavunja sheria yoyote.

Kuna jambo lingine linalosahaulika mara nyingi, nalo ni mteremko. Dereva anayeshtukia kona hukanyaga breki akiwa tayari anakata usukani. Mshiko wa tairi ni hazina moja: kinachochukuliwa na breki hakipatikani tena kwa usukani. Mtu anayedai 0.37 pembeni na wakati huohuo anafunga breki kwa nguvu ya 0.3 anaidai lami jumla ya karibu 0.48, kwa kuwa nguvu hizo mbili hujumlishwa kwa pembe mraba. Kwenye lami kavu hata hatambui. Kwenye lami iliyolowa gari linaacha kumsikiliza.

Umbali wa kusimama nao unahusika, hasa ikiwa kuna gari lililokwama ndani ya kona. Kwa kilomita 80 kwa saa, kwenye barabara tambarare iliyo kavu yenye mshiko wa 0.7, breki peke yake huhitaji takriban mita 36. Mshiko ukipungua nusu, mita hizo huwa 72. Kwenye mteremko wa asilimia 6 hufika karibu mita 87, na hapo bado hujahesabu mita 33 zinazopita katika sekunde moja na nusu ambayo dereva anaitumia kuona, kuamua na kuhamisha mguu. Akiwa na 60 kwenye tambarare hiyohiyo iliyolowa angehitaji mita 40 hivi, yaani karibu sawa na aliyekuwa na 80 penye ukavu. Kwa hiyo anayeshusha mwendo kutoka 80 hadi 60 mvua inaponyesha hajawa na tahadhari ya ziada, bali amerudisha ile aliyokuwa nayo kabla ya mvua.

Kuhusu ushauri, kona ya nusu kipenyo cha mita 120 haikustahili kibao cha 80 tangu mwanzo, mvua iwepo au isiwepo. Wasanifu wa barabara hupenda dai la pembeni libaki karibu na 0.15, na kwa kona yako hiyo ni kilomita 50 hadi 55 kwa saa. Weka kwa hiyo alama ya kona kali yenye mwendo wa ushauri wa 50, na vibao vya mishale mfululizo upande wa nje wa kona ili dereva aone umbo lake tangu mbali, hasa usiku wenye mvua ambapo michoro ya barabarani hupotea chini ya maji. Hata hivyo usitarajie kibao kifanye kazi ambayo lami imeshindwa kuifanya. Kabla ya kununua chochote, pima mshiko, au walau pima ukwaru wa uso wa barabara, kisha uende ukasimame pale mvua ikiwa inanyesha utazame maji yanakwenda wapi.

Dereva wa Masafa alijibu:

Namshukuru Mhandisi kwa hesabu zake. Mimi naongeza ya upande wa usukani, kwa sababu nimeendesha lori na tela kwa zaidi ya miaka ishirini na kona za namna hiyo nazijua.

Kwanza, naomba kwa moyo wote msiweke matuta chini ya mteremko. Lori lililoshuka na mzigo linafika pale breki zikiwa tayari zimepata moto, na dereva mgeni akilikuta tuta mbele yake kwenye mvua atakanyaga breki kwa ghafla mahali ambapo hapaswi kabisa kuzikanyaga. Mtakuwa mmeihamisha ajali kutoka kwenye kona na kuileta kwenye tuta. Mwendo wa lori hupunguzwa juu, kabla mteremko haujaanza, kwa kuweka gia nzito. Kibao kinachomwambia dereva kwamba chini kuna kona inayoteleza kinapaswa kusimama huko juu, akiwa bado ana nafasi ya kuchagua gia.

Pili, lori tupu ni la kuogopwa zaidi ya lenye mzigo pindi lami inapolowa. Watu wengi hudhani kinyume chake. Tela tupu halina uzito wa kuyagandamiza matairi barabarani, magurudumu yake hujifunga kwa breki ndogo tu, kisha tela huanza kuja pembeni kulikuta kichwa na gari lote hujikunja. Vilevile breki ya injini, ambayo ni rafiki mkubwa kwenye mteremko mkavu, inaweza kuyafunga magurudumu ya kuendeshea kwenye lami laini iliyolowa, na ndiyo sababu tuliokuwa wanafunzi wa madereva wa zamani tulifundishwa kuizima mahali panapoteleza na kutegemea gia na mwendo mdogo.

Tatu, matairi. Mhandisi ameisema lami, lakini nusu ya mshiko iko kwa mwenye gari. Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji yenye kina cha milimita 8 hivi, na nchi nyingi zimeweka 1.6 kuwa mwisho wa kisheria. Mtu mwenye tairi la milimita 2 anajiona yuko ndani ya sheria, na kweli yumo, lakini mifereji yake haina tena nafasi ya kupokea maji. Fikirieni tairi lenye upana wa sentimita 20 likipita juu ya maji ya milimita 2 kwa kilomita 80 kwa saa: linapaswa kusukuma pembeni karibu lita 9 za maji kila sekunde. Tairi kipara litayapeleka wapi? Litapanda juu yake, na gari litaelea. Usukani unakuwa mwepesi mkononi kana kwamba hakuna kitu chini, na aliyewahi kuusikia wepesi huo hausahau.

Upepo wa tairi ni muhimu vilevile. Kanuni ya zamani iliyotokana na utafiti wa matairi ya ndege uliofanywa na NASA, ambayo Walter Horne na mwenzake waliichapisha mwaka 1963, inaonyesha kwamba mwendo ambao tairi huanza kuelea unafuata kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) cha presha ya upepo uliomo ndani yake. Kwa presha ya pauni 30 kwa inchi ya mraba, mwendo huo ni takriban kilomita 91 kwa saa. Kwa presha ya pauni 20 unashuka hadi kama 75. Kanuni hiyo inahusu maji yaliyozidi uwezo wa mifereji ya tairi, si manyunyu, lakini kwa mwenye tairi lililoisha maji machache tu yanatosha kuzidi.

Na kwa atakayejikuta tayari anaserereka: ondoa mguu kwenye mafuta, tazama unakotaka kwenda na upeleke usukani huko taratibu. Ikiwa gari lako lina mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga, unaweza kukanyaga breki kwa nguvu bila kuachia na bado ukakata usukani. Ikiwa halina, achia breki ili magurudumu yazunguke tena, maana gurudumu lisilozunguka haliwezi kuligeuza gari. Mfumo huo hauongezi mshiko wa lami hata kidogo, kwa hiyo mwenye nao asije akadhani ameruhusiwa kuingia kona na mwendo wa jua.

Mkaguzi wa Njia alijibu:

Nawashukuru nyote wawili. Nilifuata ushauri wa Mhandisi na mambo niliyoyaona yamenishtua kidogo.

Hatuna chombo cha kupima mshiko moja kwa moja, lakini tulifanya kipimo cha mchanga. Tulimwaga mililita 50 za mchanga mkavu uliochekechwa, tukausambaza kwa duara hadi ukajaa kwenye nafasi zilizo kati ya kokoto, kisha tukapima kipenyo. Kwenye sehemu iliyonyooka, kabla ya mteremko, duara lilikuwa na sentimita 25. Ndani ya kona, kwenye pito la gurudumu, lilifika sentimita 36. Nilipokokotoa nikapata kina cha wastani cha milimita 1.0 kwenye sehemu iliyonyooka na karibu 0.5 kwenye kona.

La pili, mvua iliponyesha nilikwenda kusimama pale. Katikati ya kona, ambako ndiko nilikodhani pana tatizo, maji yanakimbia vizuri. Maji yanatuama mwanzoni mwa kona, katika kipande cha mita kama 20 hivi, na hapo ndipo alama za matairi zinapoanza kuyumba. Sikuelewa kwa nini, kwa kuwa barabara pale haijabonyea.

Mpima Lami alijibu:

Ndugu Mkaguzi, hicho kipande cha mita 20 ni ugonjwa unaojulikana, na wengi huupita bila kuuona kwa sababu hauonekani siku ya jua. Kwenye sehemu iliyonyooka barabara yako ina mgongo katikati, na maji yanamwagika pande zote mbili. Kwenye kona barabara nzima imeinamishwa upande mmoja. Ili kutoka katika umbo la kwanza kwenda la pili, upande wa nje wa barabara lazima ugeuzwe taratibu, na katika kugeuzwa huko kuna mahali unakuwa bapa kabisa, hauinami huku wala kule. Maji yakifika hapo hayana pa kwenda kwa upana. Mteremko wa urefu ukiwa mkubwa yatakimbia kwa urefu, lakini nina shaka kwamba mteremko wako wa asilimia 6 unakuwa umekwisha na barabara imekuwa karibu tambarare hasa mahali ambapo upande huo unageuka. Ubapa wa upana ukikutana na ubapa wa urefu, maji hutuama. Na hapo ndipo dereva anapoanza kukata usukani, akiwa na mwendo wote wa mteremko. Chukueni kipima usawa, mpime kila mita 5. Kama ndivyo, dawa yake ni kuchonga au kujazia tabaka la juu ili sehemu bapa isogezwe juu kidogo, mahali ambapo mteremko bado upo wa kuyavuta maji. Bega la barabara pia liangaliwe, kwa kuwa mara nyingi udongo na majani huota pembeni hadi kuwa juu ya lami na kuyazuia maji yasitoke. Kazi hiyo ya jembe na koleo haihitaji zabuni, na ningeifanya kesho asubuhi.

Sasa kipimo cha mchanga. Uso wa barabara una ukwaru wa aina mbili, na kuuchanganya kumewapotosha wengi. Kuna ukwaru mkubwa, ule wa nafasi kati ya kokoto na kokoto, ambao ndio mlioupima. Kazi yake ni kuyapa maji njia ya kutorokea chini ya tairi, na umuhimu wake unapanda kadiri mwendo unavyopanda, kwa kuwa kwa kilomita 80 kwa saa sehemu ya tairi inayogusa lami ina muda chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde wa kuyasukuma maji hayo. Kuna pia ukwaru mdogo, ule wa uso wa kokoto yenyewe, unaousikia kwa kidole kama msasa. Huo ndio unaotoboa utando mwembamba wa maji uliobaki na kuligusa tairi kwa kweli. Barabara inaweza kuwa na kokoto zilizotokeza vizuri, lakini kila kokoto ikawa laini kama ya mtoni. Hiyo itateleza hata kwa mwendo mdogo. Nyingine inaweza kuwa na kokoto kali ila zimezama ndani ya lami. Hiyo itashika vizuri kwa 40 na kukuangusha kwa 80.

Kina chako cha 0.5 kinaonyesha kwamba ukwaru mkubwa umepungua, na ule mng'ao ulioutaja mwanzoni unaweza kuwa na maana mbili. Shuka, uguse kwa mkono. Ukiona weusi laini ambao jua likiwa kali unanata na kushika alama ya kiatu, basi lami imepanda juu na kuzifunika kokoto. Ukiona vichwa vya kokoto viko wazi lakini vinateleza kidoleni, basi jiwe lenyewe limelainishwa na magurudumu. Mawe ya chokaa hulainika upesi sana. Mawe mengi ya mchanga mgumu hukaa na ukali wake kwa muda mrefu kwa sababu chembe zake hung'oka na kuacha nyingine kali. Aliyechagua machimbo ya kokoto kwa kuangalia ugumu wa jiwe tu, bila kupima jinsi linavyolainika, huwa amechagua ajali za miaka mitano ijayo bila kujua. Tafadhali tafuteni kumbukumbu za kokoto hizo zilitoka wapi, kwa sababu huenda zimetumika pia kwenye kona nyingine.

Ndiyo maana siungi mkono wazo la kumwaga lami mpya tu. Lami mpya kutoka machimbo yaleyale italainika vilevile, na katika majuma yake ya kwanza huwa bado ina utando wa lami juu ya kokoto unaoweza kuteleza kuliko mnavyotarajia. Kinachofaa kwa kona moja ni tabaka jembamba la kokoto kali zilizobandikwa juu, kokoto zilizopimwa kwamba hazilainiki upesi. Pale ambapo dai la mshiko ni kubwa kupita kiasi, nchi kadhaa hutumia chembe za boksiti (madini ya alumini) iliyochomwa zikiwa zimegandishwa kwa gundi ya resini. Ni ghali, lakini hutandazwa mita chache tu, kuanzia kabla ya kona ambako breki zinakanyagwa. Uholanzi imetandaza lami yenye vinyweleo, inayonywa maji na kuyatoa pembeni, kwenye sehemu kubwa ya barabara zake kuu. Ni nzuri, ila vinyweleo hivyo huziba vumbi na udongo vikikosa kusafishwa, na kwa kona moja ya barabara yenye mabega ya udongo nisingeipendekeza.

Mwisho, pimeni zaidi ya mara moja kwa mwaka. Mshiko hubadilika kwa majira. Ukame mrefu hukusanya vumbi laini, mpira wa matairi na mafuta, na mvua ya kwanza huvigeuza kuwa tope jembamba; mvua zinazofuata huviosha. Uingereza, ambayo tangu mwaka 1988 ina viwango vya mshiko kwa barabara zake kuu, huzingatia mabadiliko hayo ya majira katika vipimo vyake, na viwango vyake hudai mshiko mkubwa zaidi kwenye kona na mahali pa kufunga breki kuliko kwenye barabara iliyonyooka. Wazo hilo la pili ndilo ningependa mlichukue: msigawe fedha sawasawa kwa kilomita zote, wakati dai la mshiko si sawasawa.

Mwalimu wa Usalama Barabarani alijibu:

Nakubaliana na yote yaliyosemwa kuhusu lami na maji, ila nina hofu kwamba mwendo unaweza kusahaulika sasa kwa kuwa kosa la barabara limepatikana. Ukiipa kona mshiko mzuri bila kushughulikia mwendo, baadhi ya madereva watautumia mshiko huo kwenda kasi zaidi.

Mtafiti Göran Nilsson wa Sweden alionyesha uhusiano ambao hadi leo hutumika kukadiria: wastani wa mwendo ukibadilika, ajali zenye vifo hubadilika kwa takriban kipeo cha nne cha badiliko hilo. Wastani ukishuka kwa asilimia 5 tu, mathalani kutoka 80 hadi 76, vifo vinatarajiwa kupungua kwa karibu asilimia 19. Kwa hiyo hata punguzo dogo lina thamani, na msikate tamaa mkiona vibao havijawafikisha watu wote kwenye 50.

Lakini kibao lazima kiaminike. Kikomo cha 50 kikiwekwa kwenye kilomita nzima ya barabara pana na iliyonyooka, madereva watakidharau, na dharau hiyo wataibeba hadi kwenye kona. Kikomo kishuke kwa hatua, 80 kisha 60 juu ya mteremko, na ule mwendo wa ushauri wa 50 uambatane na kona yenyewe. Michirizi ya rangi inayokatiza barabara kwa vipindi vinavyozidi kukaribiana humfanya dereva ahisi anakwenda kasi na kupunguza mwenyewe. Hakikisheni tu kwamba rangi hiyo imechanganywa na chembe za kukwaruza na haifiki ndani ya kona, kwa kuwa rangi iliyolowa ni hatari kubwa kwa pikipiki. Kibao cha taa kinachowaka pale tu gari linapokuja na mwendo uliozidi nacho humgusa dereva kwa namna ambayo kibao cha kudumu hakimgusi.

Yapo pia mataifa yaliyoweka mwendo wa mvua ndani ya sheria yenyewe. Huko Ufaransa, kikomo cha barabara kuu za mwendo kasi ni 130 penye ukavu na 110 mvua inaponyesha. Italia vivyo hivyo. Faida yake ni kwamba dereva hujifunza tangu darasani kwamba nambari iliyo kwenye kibao ni ya siku kavu. Pale ambapo sheria haisemi hivyo, kibao cha ziada chenye maneno "lami ikilowa" chini ya nambari ndogo kinaweza kufanya kazi hiyo kwa kona moja, mradi mamlaka inayohusika imekiidhinisha.

Pimeni mwendo halisi kabla na baada, siku kavu na siku ya mvua, na mtazame mwendo ambao magari 85 kati ya 100 hayauzidi. Siku ya mvua mwendo huo ukibaki karibu na ule wa siku kavu, mtajua kwamba madereva hawaioni hatari mapema, na kwamba vibao vyenu viko mahali pasipofaa au havisomeki kwenye mvua.

Mkaguzi wa Njia alijibu:

Nimegusa leo mchana. Kwenye pito la gurudumu la nje vichwa vya kokoto viko wazi na vinateleza kidoleni, kwa hiyo ni jiwe lililolainika, wala si lami iliyopanda. Nimeomba kumbukumbu za machimbo, na kama Mpima Lami alivyohofu, kokoto hizohizo zimetumika kwenye kona nyingine mbili za barabara hii.

Tumekubaliana na wenzangu hivi. Juma hili vibarua wanakata mabega ya udongo na kuzibua mitaro pande zote mbili, na alama za tahadhari zinasimamishwa juu ya mteremko, mahali ambapo dereva wa lori bado anachagua gia. Vibao vya mishale vinafuata mara tu vitakapofika. Wazo la matuta tumeliacha. Fedha iliyobaki inakwenda kwenye tabaka la kokoto kali, kuanzia mita 80 kabla ya kona hadi katikati yake, baada ya kile kipande bapa kupimwa na kurekebishwa, ili tusibandike kokoto nzuri chini ya dimbwi.

Mpima Lami, nina swali moja la mwisho: kokoto zikibandikwa, tuwaruhusu watu kwa mwendo gani siku za kwanza?

Mpima Lami alijibu:

Zisizidi 30, hadi kokoto zilizolegea zifagiliwe zote, na mfagie zaidi ya mara moja kwa sababu magari yataendelea kuzing'oa zile ambazo hazikushika. Kokoto iliyolegea juu ya lami huteleza kama mvua, hata siku ya jua, na mwenye pikipiki ndiye wa kwanza kuumia. Ukimaliza kufagia, rudia kipimo cha mchanga mahali palepale ulipopima mara ya kwanza, uandike tarehe. Na hizo kona nyingine mbili zisisubiri mwaka ujao wa fedha. Nenda nazo sasa na mililita zako 50 za mchanga, kabla mvua hazijaanza.